Pikipiki Haiwaki Asubuhi za Julai, na Mama Watoto Amechoka

Mjomba, shikamoo. Na kamwene pia, kwa salamu za huku kwetu.

Mimi ni mwanaume wa miaka 47, baba wa watoto watatu, nina duka la mbegu na mbolea hapa Njombe mjini. Nina pikipiki kubwa ya safari, Honda Transalp 650, niliyoinunua kwa Mjerumani aliyezunguka nayo Afrika halafu akaamua kurudi kwao kwa ndege. Hiyo ndiyo starehe yangu. Sinywi, mpira siufuatilii. Nikipata Jumapili yenye nafasi nafunga mzigo, nashuka Ludewa mpaka ziwani Lupingu, narudi jioni moyo umetulia.

Shida yangu huanza Juni. Baridi ikishika, pikipiki haitaki kuwaka asubuhi, na mwaka huu imezidi. Napiga selfu, injini inazunguka kivivu mara mbili tatu, kisha inalia tik-tik tu. Ili isinigomee kabisa nimejiwekea utaratibu: kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri naiwasha, naiacha ingurume kama dakika kumi, naizima, naenda dukani kwa miguu. Hulala stoo, chumba kilichoshikana na cha watoto, maana nje kuna umande na wezi. Dereva mmoja wa lori alinifundisha kuweka jiko la mkaa chini ya injini ili oili ilainike, na kweli siku hizo inawaka haraka.

Wiki iliyopita nilimwita fundi. Alifungua mfuniko wa oili akakuta chini yake kuna utando mweupe kama maziwa ya mgando. Akatoa plagi zote nne, nyeusi tii. Akaona na moshi mweupe kwenye eksozi. Akasema gasketi ya juu imekufa, maji yanaingia kwenye oili, na ringi nazo zimekwisha. Anataka laki nane kufungua injini, spea juu yangu.

Mama Neema amesema pesa hiyo haitoki. Anasema pikipiki inaamsha nyumba nzima, inajaza moshi, na huyu Neema wetu siku hizi anaamka kichwa kinamuuma. Anataka niiuze. Mwisho wa mwezi tuna sendofu ya mtoto wa dada yake huko Mbeya, nami nilitaka niende na pikipiki kwa njia ya Makete na Kitulo, nione yale maua. Hapo ndipo aliponuna kabisa.

Nifungue injini? Niiuze? Na hii baridi wenzangu wanaishije nayo?

Mpwa wako, Njombe.

*

Marahaba mpwa wangu, kamwene sana.

Kabla sijagusa betri wala injini, naomba ufanye jambo moja leo hii. Pikipiki isiwashwe tena ndani ya stoo, na jiko la mkaa litoke huko lisirudi. Habari ya Neema umeiandika kwa mstari mmoja, katikati ya plagi na gasketi, na mstari huo ndio ulionifanya niitoe barua yako mbele ya nyingine zote. Moshi wa injini na mkaa unaowaka vyote hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Inapita chini ya mlango, inapita juu ya ukuta usiofika kwenye paa, inaingia chumbani kwa watoto saa kumi na moja na nusu wakati bado wamelala na madirisha yamefungwa kwa baridi. Anayeivuta kidogo kidogo huamka na kichwa kinauma, kizunguzungu, pengine kichefuchefu. Anayeivuta nyingi akiwa usingizini haamki.

Sisemi kwa hakika kwamba ndicho kinachomsumbua Neema. Lakini mpeleke hospitali, na daktari mweleze habari ya moshi na ya jiko, usimwachie afikirie homa peke yake. Na kama huwa mnaingiza jiko ndani kuota moto jioni, kama nyumba nyingi za Njombe na Makete zinavyofanya Julai, litolewe kabla watu hawajalala.

Kuhusu jiko chini ya injini nitasema tena kidogo, maana najua madereva wengi wanaamini njia hiyo. Lori la dizeli ni kitu kingine. Pikipiki yako inatumia petroli na kabureta, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: ukivuja hauendi juu, unashuka sakafuni, pale pale ulipoweka makaa. Kabureta ikifurika usiku mmoja tu, moto utaanzia kwenye ukuta wa chumba cha wanao.

Kwa hiyo mama Neema ana haki, na nadhani ingefaa umwambie hivyo waziwazi kabla hujaanza kumwonyesha barua hii kwa sababu ya mistari itakayofuata, ile inayokuunga mkono wewe. Kwa maelezo yako, hajasema anaichukia pikipiki. Analalamikia kelele za alfajiri, moshi, na laki nane. Mambo yote matatu yanatibika.

Sasa pikipiki yenyewe. Baridi ya Njombe haijaiharibu. Kinachoiumiza ni huo utaratibu wako wa kuiwasha kila siku bila kuiendesha. Wengi wanafanya hivyo kwa nia njema, kwa hiyo nieleze kinachotokea.

Unapopiga selfu asubuhi ya baridi, betri inatoa umeme mwingi kwa mkupuo, na oili nzito inailazimisha itoe zaidi. Kisha injini ikinguruma pale pale bila kukanyaga mwendo, umeme inaozalisha ni mdogo, na sehemu kubwa yake inaliwa na taa ya mbele na mfumo wa kuchomea mafuta. Betri inarudishiwa kidogo kuliko ilichotoa. Ukifanya hivyo kila siku kwa wiki kadhaa, unaimaliza kwa mkono wako huku ukidhani unailisha. Juu ya hapo, betri ya risasi na asidi hupungukiwa nguvu yenyewe hewa inapopoa. Hiyo tik-tik ndiyo sauti ya betri iliyochoka, wala haihusiani na ringi.

Utando mweupe nao una maelezo. Kila petroli inapochomwa, maji hutokea kama mvuke, na mengine hujitengeneza ndani ya injini baridi kama umande. Injini ikipata moto wa kutosha kwa nusu saa barabarani, mvuke huo hutoka wote. Ikichemka dakika kumi na kuzimwa, maji yanabaki, yanachanganyika na oili, na mchanganyiko huo unaganda sehemu iliyo baridi kuliko zote, yaani chini ya mfuniko. Moshi mweupe wa asubuhi ni maji hayo hayo yakitoka kwenye eksozi. Na plagi nyeusi? Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kabureta haijui hilo, inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo cha pwani. Ongeza dakika kumi za choki kila siku, na plagi lazima ziwe masizi.

Simsemi vibaya fundi wako. Dalili alizoziona ni za kweli, na kwenye pikipiki yenye rejeta inayokimbia mchana kutwa huenda angekuwa sahihi. Lakini usimpe ruhusa ya kufungua injini mpaka muwe mmepima vitu vifuatavyo, na mpime pamoja.

Anza na maji ya rejeta. Injini ikiwa baridi kabisa, tia alama kwa kalamu kwenye kichupa cha akiba, endesha siku chache, kisha tazama. Gasketi iliyokufa hula maji. Kiwango kikibaki pale pale, hiyo ni habari njema. Halafu chomoa kijiti cha oili ufute ncha yake kwa kitambaa cheupe. Oili yenyewe ikiwa safi na weupe uko kwenye mfuniko tu, ni umande. Oili yote ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, basi kweli maji yanaingia, usiiwashe tena. Moshi nao uutazame baada ya kuendesha nusu saa: mweupe ukitoweka, ulikuwa mvuke, ukibaki na harufu tamu, fundi ana hoja. Wa bluu ni oili inayoungua, hapo ndipo tuzungumze ringi, na hata hapo kuna kipimo cha kompresheni kinachofungwa kwenye tundu la plagi, kazi ya muda mfupi isiyohitaji kufungua chochote kingine.

Kama rejeta yako ina maji ya bomba, na pikipiki nyingi zilizopita kwenye gereji zetu zinayo, yamwage uweke kulanti, yaani dawa ya kupoza injini isiyoganda, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (distilled). Huko Makete na Kitulo barafu inalala juu ya majani usiku wa Juni na Julai, na maji matupu yakiganda hutanuka na kupasua yanapokaa. Hata yasipoganda, yanakula aluminiamu polepole.

Betri ndiyo ningeishughulikia kwanza ningekuwa karibu nawe. Kanunue mita ya umeme ya bei rahisi. Iache pikipiki ilale usiku mzima bila kuguswa, asubuhi weka nyaya za mita kwenye vichwa vya betri. Volti 12.6 na kuendelea, betri imejaa. 12.4, imeanza kupungua. 12.2, imebaki kama nusu, na kwa baridi ya kwenu nusu haitoshi. Kisha mtu mwingine apige selfu wewe ukitazama mita: ikiporomoka chini ya volti 10 wakati ilikuwa imejaa, betri hiyo imekufa, nunua nyingine, na hapo utakuwa umetumia sehemu ndogo sana ya zile laki nane. Injini ikiwaka, ipandishe mzunguko kidogo. Mita isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, kosa liko kwenye rektifaya, kifaa kinachorekebisha umeme wa kuchaji betri, au koili za kuzalisha umeme, na betri mpya nayo itakufa.

Kuchaji usiipeleke kwa wale wanaochaji betri za magari na za sola kwa pamoja. Chaja zao zinasukuma umeme mwingi, betri ndogo inachemka ndani. Kanuni ni moja ya kumi: betri iliyoandikwa Ah 12 ubavuni ichajiwe kwa amperi 1.2 au pungufu, taratibu, usiku kucha. Ikiwa ni ile iliyozibwa, asikudanganye mtu kuitoboa aongeze maji. Ukijua hutaendesha wiki mbili, chomoa waya wa hasi, au toa betri uiweke ndani ya nyumba mahali pakavu. Hii peke yake itakuondolea ile ngurumo ya alfajiri, na mama Neema atalala.

Kisha utaratibu mpya uwe huu: huendeshi, huwashi. Ukiiwasha, unakwenda nayo angalau nusu saa. Njombe hadi Makambako ni kama kilomita 60, kwenda na kurudi inatosha kabisa kukausha injini na kuijaza betri.

Siku ya kuiwasha, isukume mpaka uani kwanza, watoto wakiwa wameshaamka. Vuta choki yote, na mkono wa mafuta usiuguse. Watu wengi wanazungusha mafuta huku choki imevutwa, na kwa kufanya hivyo wanaiua kazi ya choki, maana kipande hicho cha kabureta hunyonya vizuri pale tu mlango wa hewa umefungwa. Selfu isizidi sekunde tano, pumzisha betri kidogo, rudia. Ikishika, iache kama dakika moja, rudisha choki nusu, vaa glovu zako, ondoka taratibu. Injini inapata moto vizuri zaidi ikitembea polepole kuliko ikisimama inanguruma. Usiikamue mpaka mshale wa joto uanze kupanda.

Kama imekaa zaidi ya mwezi, petroli iliyo ndani ya kabureta imeshapoteza ile sehemu nyepesi inayoshika moto haraka. Chini ya kila bakuli la kabureta kuna skrubu. Weka chupa, legeza, imwagike, funga, ruhusu mafuta mapya yaingie. Tangi liache likiwa limejaa, maana nafasi tupu ndani yake hukusanya umande na chuma hushika kutu. Oili ibadilishe sasa hivi, hiyo yenye maji usiisubirishe, uweke ya 10W-40. Ile 20W-50 ambayo maduka mengi wanakupa bila kuuliza ni nzito mno kwa asubuhi za Julai. Badilisha na plagi, zote nne. Cheni ipake mafuta jioni ukitoka safari ikiwa ya moto, yapate usiku kucha kupenya. Uchafu uutoe kwa mafuta ya taa, petroli inaharibu vile vipete vya mpira vilivyomo ndani. Pikipiki ikiwa imezimwa, tafadhali, vidole vingi vimebaki kwenye spoketi. Kuifunika, tumia kitambaa kinachopitisha hewa. Turubai la nailoni linafungia unyevu ndani.

Umeniuliza wenzako wanaishije na baridi, na hapa nataka usome polepole, kwa sababu pikipiki ikigoma uani hupati jeraha, lakini mkono uliokufa ganzi kwenye kona unaua. Hewa ya nyuzi 5 ukiikimbilia kwa kilomita 80 kwa saa, mwili unaihisi kama nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri. Kwanza vidole vinauma, baadaye vinaacha kuuma, na hapo ndipo mtu anajidanganya kwamba amezoea. Vimeacha kuuma kwa sababu havina habari tena. Breki unaishika ukiwa umechelewa na huna kipimo.

Waangalie bodaboda wa Njombe: wamefunga vifuniko vikubwa juu ya vishikio vya usukani, mkono unaingia ndani yake kama ulivyo. Havipendezi kwenye pikipiki ya safari, najua, vifunge tu. Ndani vaa glovu zako za kawaida. Kifua kikinge kwa jaketi lisilopitisha upepo, na chini yake sweta mbili nyepesi ni bora kuliko moja nene. Shingo usiiache wazi hata kidogo. Ila ncha za skafu zichomeke ndani ya jaketi zisije zikafika kwenye cheni. Kioo cha helmeti kipake sabuni ya kipande upande wa ndani, ukisugue kwa kitambaa kikavu mpaka kiwe safi, hakitashika ukungu. Na ukitetemeka, simama. Usiseme nitasimama mji ujao. Simama, tembea, kunywa chai ya tangawizi, subiri mpaka uweze kufunga kifungo cha jaketi kwa vidole bila kukitazama, ndipo uendelee.

Tairi nazo zipime upepo asubuhi kabla hujaondoka, kwani hewa ikipoa kwa nyuzi tano hivi presha hushuka karibu psi moja. Lami yenye umande chini ya miti ya misitu ile hukauka ikiwa imechelewa, na barabara ya Makambako ina malori ya mbao yanayoibuka kwenye ukungu yamewasha taa moja. Ukungu ukiwa mzito tumia taa fupi. Ndefu itakurudia machoni.

Sasa sendofu. Mpwa wangu, panda basi na mkeo. Ni shughuli ya dada yake, ataingia ukumbini akiwa na mumewe, nguo zimenyooka, na mtarudi pamoja. Ukienda kivyako kwa njia ya Kitulo utafika umechelewa, umejaa vumbi, na yeye atakuwa amekaa meza kuu akijibu maswali kuhusu ulipo. Tena maua unayoyafuata hayapo. Uwanda wa Kitulo, ulio karibu mita 2,600 juu na ambao ni hifadhi ya taifa tangu 2005, huchanua wakati wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Julai utakuta nyasi kavu, upepo, na barafu ya asubuhi.

Kama unaitaka barabara yenyewe, nayo inastahili hata bila ua moja, chagua Jumamosi ya mwisho wa Agosti. Jaza tangi Njombe. Ondoka saa tatu, jua likiwa limeshakausha lami. Mpaka Makete ni zaidi ya kilomita 100, na kipande cha juu cha Kitulo ukipite kati ya saa sita na saa tisa mchana. Lala Mbeya, rudi kesho yake kwa barabara kuu ya Makambako. Mwambie mama Neema ratiba hiyo kwa saa, na umpigie pale ulipomwambia utapiga.

Kuiuza, usiiuze mwezi huu hata kama mmekubaliana. Pikipiki isiyowaka asubuhi, yenye fundi anayetangaza mtaani kwamba injini imekufa, utapewa bei ya chuma chakavu. Nunua mita na oili, badilisha plagi, pikipiki ihamishie uani, mpe Neema hewa safi. Oktoba joto likirudi kaeni wawili mliangalie suala la kuuza upya, ikiwa inawaka kwa mguso mmoja. Nami niandikie mita imesoma volti ngapi, na daktari amesema nini.